Kati ya Kituo cha Goma na Boma la Kissegnies

Kutoka Gisenyi kwenda Goma kuna vivuko viwili ambavyo kila mtu wa huko anavijua. Kimoja kiko chini, karibu na ufuko wa Ziwa Kivu, upande wa hoteli na majumba ya wakubwa. Hicho ni Grande Barrière, na ofisi za Rwanda hukiita La Corniche. Kingine kiko juu kidogo, pale mtaa wa Mbugangari unapogusana na Birere ya Goma, na jina lake ni Petite Barrière. Mgeni akiyachukua majina hayo kama yalivyo atadanganyika, maana kizuizi kilichoitwa kidogo ndicho kinachobeba umati. Kabla ya misukosuko ya miaka ya karibuni, makumi ya maelfu ya watu walipita hapo kwa siku moja: kina mama wenye beseni za nyanya na vitunguu, wachuuzi wa maziwa na mayai, wanafunzi, mafundi, watu wenye ulemavu waliogeuza baiskeli zao za magurudumu matatu kuwa vyombo vya kubebea mizigo, na upande wa Kongo vijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wakisubiri kupakia.

Majina yote mawili ni ya Kifaransa, na yameendelea kutumika hata baada ya Rwanda kuamua kwamba watoto wake wasisomeshwe tena kwa lugha hiyo. Ni jambo la kushangaza kidogo, kwa sababu hakuna eneo la Afrika Mashariki ambako serikali zimeshughulika na majina kuliko hapa. Nchi zimebadilishwa majina, wilaya zimebadilishwa majina, makabila yamepewa majina mapya au yamejipa yenyewe, na lugha za shule na za wizara zimebadilishwa kwa kuangalia rafiki wa nje alikuwa nani wakati huo. Karibu kila mara, jina lililotungwa upande mmoja lilisikika vingine upande wa pili.

Habari yenyewe inaanzia mbali na Ziwa Kivu. Tarehe 1 Agosti 1885 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliyatangazia mataifa makubwa kwamba Dola Huru ya Kongo haitaegemea upande wowote vitani, na akaeleza mipaka ya dola hiyo. Huku mashariki mpaka ulikuwa mstari ulionyooka, kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hadi pale longitudo ya 30 inapokatana na latitudo ya digrii 1 na dakika 20 kusini. Waliouchora hawakuwa wamewahi kuiona nchi ile. Ukiuweka mstari huo juu ya ramani ya leo, Gisenyi, Kibuye na Cyangugu zote zinaangukia Kongo, na Kigali inabaki nje kwa mwendo usiofika hata siku mbili za miguu. Tarehe hiyo ishikwe vizuri. Miaka 96 baadaye ilifufuliwa na bunge la Kinshasa kwa kazi ambayo Leopold hakuiwazia.

Wajerumani waliukubali mstari ule mpaka walipofika wenyewe. Mwaka 1894 Gustav Adolf von Götzen aliivuka Rwanda, akapokelewa na Mwami Kigeli Rwabugiri, akalifikia Ziwa Kivu na kupanda mlima wa moto wa Nyiragongo. Aliyoyaona yalibadili hesabu za Berlin. Hapo kulikuwa na ufalme wenye mtawala mmoja na lugha moja, na upande wake wa magharibi kulikuwa na ziwa na mto Rusizi, mipaka ambayo jicho linaiona. Tangu siku hizo Ujerumani ikadai kwamba mstari wa rula haufai, kwa sababu unaupasua ufalme. Haikuwa huruma kwa Wanyarwanda. Kadiri Rwanda ilivyokuwa pana, ndivyo koloni la Kijerumani lilivyokuwa pana. Hata hivyo hoja ya kwamba lugha na utii kwa mfalme ndivyo vinavyoonyesha nchi inapoishia iliingia katika mazungumzo ya mpaka huu wakati huo, ikiletwa na Wazungu, na haijatoka.

Mwaka 1899 maofisa wawili, Bethe wa Ujerumani na Hecq wa Kongo, walikubaliana waache kusukumana mpaka wakubwa wao waamue. Miaka kumi baadaye Waingereza nao walituma kikosi kutoka Uganda kudai fungu lao karibu na milima ya Virunga. Ikabidi pande tatu zikutane Brussels, mwaka 1910. Ijwi, kisiwa ambacho Rwabugiri alikipigania kwa miaka mingi, kikaenda kwa Wabelgiji. Bwisha na Jomba, ambako watu walizungumza Kinyarwanda, zikaenda huko huko. Bufumbira ikachukuliwa na Waingereza, na mpaka leo ni Kisoro ya Uganda. Wajerumani wakabaki na kilichosalia, Gisenyi ikiwemo. Mwami Yuhi Musinga, ambaye nchi ilikuwa yake, hakuwa na kiti katika mkutano huo.

Kwenye ufuko wa kaskazini wa ziwa wajumbe hawakuwa na mto wala mlima wa kuwasaidia. Kwa hiyo mkataba ulisema mpaka utoke ziwani mahali palipo katikati, umbali sawa kati ya kituo cha Goma na boma la Kissegnies, kisha upande kaskazini kuelekea kilima cha Hehu, ufike kilele cha Karisimbi, na uendelee hadi Sabinyo. Hapo ndipo Petite Barrière ilipozaliwa, ingawa hakuna aliyejua. Vijikambi viwili vya askari vilivyotazamana vikafanywa vipimo vya nchi mbili. Wabelgiji waliandika Kissegnies, Wajerumani waliandika Kissenji, baadaye ikawa Kisenyi, na kila mmoja aliandika kadiri sikio lake lilivyomruhusu. Neno pekee katika kifungu hicho ambalo askari wa pande zote mbili wangelielewa bila mkalimani ni boma. Lilikuwa limepandishwa kutoka pwani na misafara na askari, na sasa lilikuwa limeingia katika mkataba wa kimataifa.

Mpaka huo haukukaa hata miaka sita. Vita vilipozuka mwaka 1914, Kapteni Max Wintgens alivuka ziwa akakiteka Ijwi, na Goma na Gisenyi zikarushiana risasi hadi Mei 1916, Wabelgiji walipoingia Rwanda na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea mashariki. Baada ya vita Rwanda na Burundi zikawekwa chini ya Ubelgiji kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na sheria ya tarehe 21 Agosti 1925 ikaziunganisha kiutawala na Kongo ya Kibelgiji. Mstari uliotoa jasho kule Brussels ukawa mpaka wa ndani tu, kama wa jimbo na jimbo.

Hapa ndipo lugha za miji hii miwili zilipoachana. Wajerumani walitawala kwa Kiswahili, wakikileta kutoka Dar es Salaam pamoja na makarani na askari. Wabelgiji na wamisionari waliowafuata walipendelea Kinyarwanda shuleni na kanisani, na Kifaransa kwa wateule wachache. Kiswahili nchini Rwanda kikasukumwa kwenye mitaa ya wafanyabiashara na Waislamu, kikaonekana lugha ya watu wasio na ng'ombe wala shamba. Kongo mambo yalikwenda kinyume. Katika mashariki yote, kuanzia migodi ya Katanga hadi Kivu, Kiswahili kikawa lugha ya kazi, ya soko na ya madarasa ya mwanzo. Mji wa Goma ulikua ukisema Kiswahili, nao Gisenyi ukakua ukisema Kinyarwanda cha Bugoyi, yaani cha eneo lake, huku ukijifunza Kiswahili cha jirani kwa sababu ya biashara. Mtu wa Gisenyi bado anajulikana Kigali kwa urahisi wa ulimi wake katika lugha hiyo.

Wabelgiji waliacha pia jina lenye sumu. Mwaka 1937 walianzisha mpango wa kuwahamishia wakulima kutoka Rwanda, iliyojaa watu na kuandamwa na njaa, kwenda milima ya Masisi upande wa Kongo, kuanzia eneo la Gishari. Mpango huo uliitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda, na hadi ulipofungwa mwaka 1955 ulikuwa umehamisha makumi ya maelfu ya watu. Liangalie jina hilo kwa makini. Watu waliokuwa wanatolewa sehemu moja ya himaya na kupelekwa nyingine, kwa amri ya mtawala yule yule, waliandikwa kuwa wahamiaji, nao Banyarwanda. Na wale wa Bwisha na Jomba, ambao hawakuhama popote bali mpaka ndio uliowapita juu mwaka 1910, wakajikuta katika fungu moja nao, kwa sababu lugha ilikuwa moja. Neno moja likabeba mambo matatu: msemaji wa Kinyarwanda, mtu wa asili ya Rwanda, na raia wa Rwanda. Maadamu Mbelgiji alikuwa bwana wa pande zote, tofauti hiyo haikumkera mtu. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 na Rwanda tarehe 1 Julai 1962, ikawa suala la nani apige kura, nani amiliki ardhi na nani aondoke.

Rais Mobutu wa Kongo alilijibu suala hilo mara mbili, na majibu yake yalipingana. Tarehe 27 Oktoba 1971 aliipa nchi jina la Zaire, na muda si mrefu akawataka raia waache majina ya Kizungu. Mwanzoni mwa 1972, siku ambazo mkuu wa ofisi yake alikuwa Barthélemy Bisengimana, mtu mwenye asili ya Rwanda, ilitoka sheria iliyowapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wakiishi Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Bisengimana akaondoka ikulu mwaka 1977. Tarehe 29 Juni 1981 sheria nyingine ikaifuta ile ya kwanza. Sasa Mzaire alikuwa mtu mwenye mzazi au babu wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya nchi mnamo tarehe 1 Agosti 1885, kama ilivyorekebishwa na mikataba iliyofuata.

Ndiyo tarehe ile ile ya Leopold. Walioiandika sheria walitaka kuweka ukuta nyuma kabisa, kabla ya uhamiaji wowote uliopangwa na Wabelgiji, na bila shaka waliona 1885 kuwa mbali kiasi cha kutosha. Lakini mipaka ya siku hiyo iliimeza Rwanda ya magharibi yote. Bila yale maneno ya mwisho kuhusu mikataba iliyofuata, bibi wa Gisenyi angeweza kwenda mahakamani Kinshasa kudai uraia wa Zaire kwa haki ya ramani, naye mzee wa Jomba angeshangaa kuambiwa ni mgeni katika nchi ambayo mababu zake waliikuta. Wanasheria waliziba tundu hilo kwa kuitaja mikataba, yaani walikubali kwamba mjadala wa 1910, uliofanyika bila Mwafrika hata mmoja, ndio utakaoamua nani ni mwananchi halisi. Sijui kama kuna nchi nyingine ya bara hili iliyokabidhi uzalendo wake kwa Leopold kwa maandishi ya wazi namna hiyo.

Waliobanwa na sheria wakatafuta majina mengine. Wafugaji wa nyanda za juu za Uvira, wenye lugha inayokaribiana na Kinyarwanda, walianza katika miaka ya 1970 kujitambulisha hadharani kuwa Banyamulenge, watu wa Mulenge, na mbunge Gisaro Muhoza alikuwa mmoja wa waliolieneza jina hilo. Waliliweka jina la kijiji cha Kongo mahali pa jina la nchi ya jirani. Baadaye kule Kivu Kaskazini, enzi ya Gavana Eugène Serufuli, likapendwa neno jingine, rwandophones, ili Wahutu na Watutsi wa jimbo hilo wawe kundi moja la lugha bila kuitwa raia wa Rwanda. Wapinzani wao waliyasoma majina yote mawili kuwa kificho.

Katikati ya ubishi huo Gisenyi yenyewe ilipata heshima ambayo wengi wameisahau. Tarehe 20 Septemba 1976 Mobutu, Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Michel Micombero wa Burundi walitia saini hapo mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL. Makao makuu yakawekwa Gisenyi, benki ya maendeleo ikawekwa Goma. Kwa maoni yangu lilikuwa jina lililochaguliwa kwa akili kuliko mengi ya kanda hii, kwa sababu halikutaja taifa, kabila wala lugha, lilitaja maji. Kutokana na jumuiya hiyo kukaja hati ya kusafiria ya CEPGL, na kwa majirani wa mpakani kukawa na jeton, kile kikaratasi cha siku moja ambacho mchuuzi wa Mbugangari hukionyesha asubuhi na kurudi nacho jioni. Jeton haimuulizi mtu babu yake alikuwa wapi mwaka 1885. Inamuuliza anaishi wapi sasa.

Julai 1994 mpaka huu ulivukwa kwa namna ambayo dunia ilikuwa haijaiona. Serikali ya waliofanya mauaji ya kimbari ilikuwa imekimbilia Gisenyi, na waasi wa RPF walipokaribia, mamia ya maelfu ya watu walimiminika Goma kwa siku chache tu, wauaji na wasio na hatia katika msafara mmoja. Kipindupindu kikaua watu kwa maelfu juu ya mawe ya volkano. Miaka miwili baadaye, Novemba 1996, sehemu kubwa yao walirudi kwa njia hiyo hiyo, jeshi jipya la Rwanda lilipovunja makambi.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Rais Pasteur Bizimungu alikuwa ameonyesha ramani ya Rwanda ya kale iliyovuka mpaka wa magharibi, akazungumzia haja ya mkutano wa pili wa Berlin. Kigali ilikusudia kusema kwamba haiwezekani kuichukua ardhi ya watu na kisha kuwafukuza watu wenyewe. Kinshasa na miji ya Kivu vilisikia kingine kabisa: kwamba jirani anataka ardhi. Mwanahistoria David Newbury aliandika mwaka uliofuata kuonyesha kwamba mamlaka ya mwami katika nchi za magharibi yalikuwa hafifu, ya vipindi, na mara nyingi yalikataliwa na wenyeji, na kwamba kusema Kinyarwanda hakukuwa na maana ya kumtii mfalme wa Rwanda. Lakini hoja za wanahistoria hazisafiri haraka kama ramani. Tangu siku ile, tamko lolote la Kigali kuhusu historia ya mipaka husomwa Goma kama tangazo la vita. Rais Paul Kagame aliporudia akiwa Cotonou mwezi Aprili 2023 kwamba mipaka ya wakoloni iliiacha sehemu ya Rwanda nje, Kongo ya mashariki na kusini magharibi mwa Uganda, jibu la Kinshasa lilikuja lile lile, kwa hasira ile ile.

Vita vya 1996 vilikigeuza hata Kiswahili kuwa alama. Laurent-Désiré Kabila, kiongozi wa waasi waliosaidiwa na Rwanda kumwondoa Mobutu, aliingia Kinshasa Mei 1997 na vijana walioitwa kadogo, wakisema Kiswahili katika mji uliozoea kuamriwa kwa Lingala. Akaifuta Zaire, akairudisha Kongo. Mwaka mmoja baadaye aliwaagiza wanajeshi wa Rwanda waondoke, James Kabarebe aliyekuwa mkuu wa jeshi lake akiwa miongoni mwao, na Agosti 1998 vita vipya vikaanzia Goma. Kinshasa watu waliwindwa kwa sura na kwa lafudhi. Msemaji wa Kiswahili kutoka Kivu, asiyehusika na lolote, aliweza kutiliwa shaka katika mji mkuu wa nchi yake mwenyewe kwa sababu ya jinsi anavyosalimia.

Rwanda nayo ilikuwa ikijitengeneza upya, na ilianza na majina. Januari 2002 ilikuwa na bendera mpya na wimbo mpya wa taifa. Mwaka 2006 mikoa 12 iliunganishwa ikawa minne pamoja na jiji la Kigali, na majina ya zamani yaliyonuka 1994 yakaondolewa kwenye ramani ya utawala. Butare ikawa Huye, Ruhengeri ikawa Musanze, Cyangugu ikawa Rusizi, na Gisenyi ikawa wilaya ya Rubavu, kwa jina la mlima ulio juu ya mji. Kibungo iliitwa Ngoma, na mtu wa Kivu akisikia redioni kwamba waziri amezuru Ngoma hana budi kutega sikio mara mbili. Wakazi walipokea majina hayo kwa utulivu na wakaendelea kusema Gisenyi. Barua ya serikali inasema Rubavu, kondakta wa basi anasema Gisenyi, na hakuna anayepotea njia.

Novemba mwaka huo huo Rwanda ilivunja uhusiano na Ufaransa kwa sababu ya hati za kukamata zilizotolewa na jaji wa Kifaransa Jean-Louis Bruguière dhidi ya maofisa wa karibu wa Kagame. Mwaka 2007 ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2008 baraza la mawaziri likaamua shule zifundishe kwa Kiingereza, na mwaka 2009 nchi ikapokewa katika Jumuiya ya Madola bila ya kuwahi kutawaliwa na Mwingereza. Wengi walisema Kagame anawaadhibu Wafaransa kwa lugha yao. Hilo lilikuwepo, lakini halitoshi. Waliorudi kutoka Uganda na Tanzania walikuwa tayari wanasoma na kufanya kazi kwa Kiingereza, bandari za Mombasa na Dar es Salaam zilikuwa kwenye njia hiyo, na Ufaransa haikuwa na bandari hata moja ya kuwapa. Na hasira ya Kigali kwa Wafaransa haikuwa ya milele. Oktoba 2018 Louise Mushikiwabo, waziri wa mambo ya nje wa nchi hiyo hiyo, alichaguliwa katibu mkuu wa jumuiya ya mataifa yanayozungumza Kifaransa. Kigali ilijifunza mapema kwamba lugha unaweza kuiacha bila kufunga mlango nyuma yako.

Kiswahili kilikuwa cha mwisho kufika. Februari 2017 wabunge wa Rwanda walikifanya lugha rasmi, ya nne baada ya Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, na sababu iliyotolewa zaidi ni wajibu wa nchi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa mama wa Petite Barrière hiyo ilikuwa habari ya kuchekesha, maana alikuwa amejadiliana bei kwa lugha hiyo maisha yake yote. Kongo ilikuwa imekiweka katika katiba ya 2006 miongoni mwa lugha zake nne za taifa. Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya wakaridhia Kiswahili na Kifaransa viingie pamoja na Kiingereza. Aprili 2022 Rais Félix Tshisekedi wa Kongo alitia saini mkataba wa kujiunga, na tangu Julai Kongo ikawa mwanachama kamili. Kwa mara ya kwanza Goma na Gisenyi zilikuwa katika jumuiya moja yenye lugha moja inayosemwa pande zote za kizuizi.

Nawakumbuka wahariri wa Dar es Salaam na Nairobi waliosherehekea wakisema Kiswahili kitaunganisha. Haikuchukua miezi mitatu tangu saini ile ya Aprili. M23, kundi la waasi lenye jina la tarehe ya makubaliano yaliyosainiwa Goma Machi 23, 2009, lilikuwa limeanza tena kupigana, na Juni 2022 likauteka mji wa Bunagana. Tarehe 17 Juni askari mmoja wa Kongo aliingia upande wa Rwanda hapo hapo Petite Barrière akifyatua risasi, akajeruhi polisi, na akauawa. Mwili wake uliporudishwa, umati wa Goma ulimpokea kama shujaa. Kongo ikapunguza saa za kivuko, kizuizi kikawa kinafungwa saa tisa alasiri, na wachuuzi waliozoea kurudi usiku wakapoteza nusu ya siku yao. Oktoba balozi wa Rwanda, Vincent Karega, alifukuzwa Kinshasa. Mijini, kusema Kinyarwanda kwa sauti kukawa hatari, na waliokuwa na hofu walijificha nyuma ya Kiswahili.

Mazungumzo ya amani yaliyofuata yalikuwa, kwa sehemu kubwa, ugomvi wa msamiati. Kongo ilitaka neno uvamizi. Rwanda ilikana kuwa na jeshi ng'ambo, na ikasema imechukua hatua za kujilinda dhidi ya FDLR, kundi la Wahutu wa Rwanda wenye silaha walioko Kongo. Wapatanishi wa Luanda wakatafuta sentensi ambayo kila upande ungeweza kuitia saini bila kukubali hoja ya mwenzake, wakaipata katika mfumo wa mambo mawili yaendayo pamoja: FDLR idhibitiwe, na Rwanda iondoe hatua zake za kujilinda. Maneno hayo yaliwaruhusu maofisa kuzungumzia kuondoka kwa askari ambao mmoja wa wazungumzaji alisema hawapo. Unaweza kuyadharau, lakini bila hayo kusingekuwa na karatasi ya kusaini.

Tarehe 27 Januari 2025 M23 iliingia Goma. Makombora yaliangukia Gisenyi na kuua raia, na siku mbili baadaye mamluki wa Kiromania waliokuwa wakiisaidia Kongo walivukishwa kwenda Rwanda na kupelekwa Kigali. Upande wa Goma wa vizuizi vyote viwili ukawa mikononi mwa utawala mwingine, ambao Kinshasa haiutambui. Februari 21 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio 2773, likaitaja Rwanda kwa jina na kuitaka iondoe askari wake. Juni 27 mawaziri wa nchi mbili walisaini makubaliano Washington, na ile sentensi ya Luanda kuhusu hatua za kujilinda ikaingizwa humo. Desemba 4 Tshisekedi na Kagame walikutana mji huo huo kuyathibitisha, pamoja na mpango wa ushirikiano wa kiuchumi unaozungumzia biashara ya kuvuka mpaka.

Benki za Goma zilikuwa zimefungwa tangu mji ulipotekwa. Mtumishi aliyelipwa na Kinshasa, au mfanyabiashara mwenye akaunti, alilazimika kuvuka hadi Gisenyi kutafuta fedha taslimu kwa wakala au benki ya huko, kisha arudi nazo kabla kizuizi hakijafungwa. Kikaratasi alichovukia hakikumuuliza anaitwa nani na serikali gani.